Kovu na Dawa Zake

Msomaji, ni nadra kumpata mtu mzima asiye na kovu hata moja. Huyu alijikata kwa panga shambani, yule aliungua jikoni alipokuwa mtoto, na mwingine alianguka kutoka katika mwembe wa jirani. Katika zama zetu barabara nayo imejiunga na panga, moto na mwembe, na makovu inayoyaandika juu ya miili ya watu ni marefu na mapana. Kwa sababu hiyo yatupasa kuyajua makovu, kama yatupasavyo kujua habari za homa na za maji machafu.

Juu ya kovu watu wana dhana mbili, na zote mbili zina kasoro. Dhana ya kwanza ni kuwa kovu ni uchafu, na kwamba yapo mafuta mahali fulani yanayoweza kuufuta. Dhana ya pili ni kuwa kovu ni hukumu isiyo na rufani, na kwamba aliyeandikiwa hana la kufanya ila kujificha. Mimi nasema kuwa kovu ni kazi ambayo mwili huifanya kwa haraka wakati wa hatari, kisha huitengeneza polepole wakati wa salama. Mtu hawezi kuifuta kazi hiyo, lakini aweza kuisaidia iwe njema. Msaada huo ni wa namna tatu: wa kwanza hutoka kwa muda, wa pili hutoka kwa mkono, na wa tatu hutoka kwa jicho. Huu wa tatu hauuzwi katika duka lolote la dawa, nawe msomaji unao.

Sisemi haya kwa kusikia. Mwaka 2006, nikiwa na umri wa miaka 16, nilipanda matatu Malindi kwenda Mombasa, nikirudi shuleni baada ya likizo. Tulipokwisha kuipita Kilifi gurudumu la mbele lilipasuka. Gari likaserereka, likatoka barabarani, likapinduka. Abiria wawili hawakuamka tena. Mimi nilitolewa hai nikiwa na majeraha matatu. Kioo kilikuwa kimenipasua shavu la kushoto, toka chini ya jicho hadi karibu na pembe ya mdomo; lami ilikuwa imenichuna ngozi ya kiwiko cha mkono wa kulia; na chuma kilikuwa kimenichanja begani. Majeraha haya yalizaliwa katika dakika moja, lakini kila moja liliacha kovu la tabia yake, na kila kovu lilitaka dawa yake. Naweza kusema kuwa nilisomeshwa na walimu watatu.

Tuanze na muda. Ngozi ikipasuka, kazi ya kwanza ya mwili ni kuzuia damu. Damu huganda, ikaliziba jeraha kama udongo uzibavyo ufa wa ukuta. Kazi ya pili ni kufagia. Kwa siku chache pahali pale huvimba, hupata joto na huuma, kwa kuwa askari wa damu wamekuja kuua vijidudu na kuondoa mabaki ya nyama iliyokufa. Kazi ya tatu ni kujenga: kwa majuma kadhaa mwili hutengeneza nyuzi ngumu ziitwazo kolajeni, na kuzijaza pale palipokuwa na pengo. Kazi ya nne ni kutengeneza upya. Nyuzi zilizowekwa kwa haraka huvunjwa na kupangwa tena, na kazi hii huchukua mwaka mmoja, au hata miwili.

Katika ngozi nzima nyuzi hizo zimepitana huku na huku kama miyaa katika mkeka. Katika kovu nyingi hulala upande mmoja. Ndiyo maana kovu halina ulaini wa ngozi iliyokuwapo kwanza. Nywele hazioti juu yake, wala jasho halitoki. Hata nguvu yake ni pungufu: majuma matatu baada ya kuumia, jeraha lililofunga lina kama robo tu ya nguvu ya ngozi nzima, na kovu lililokomaa halipiti sehemu 80 katika 100. Mtu aliyeondolewa nyuzi za mshono jana, akaenda kubeba gunia leo, amelitwika kovu changa mzigo usio wake.

Hapa pana faida moja ya kushika. Katika miezi ya kwanza kovu huwa gumu, limeinuka, linawasha, na rangi yake ni kali. Wengi huliangalia katika mwezi wa tatu, wakadhani kuwa sura hiyo ndiyo watakayokuwa nayo maisha yao yote, wakakata tamaa. Walakini mwezi wa tatu si mwisho wa kazi, bali ni katikati ya vumbi la ujenzi. Kovu la shavu langu lilikuwa kama kamba nene katika mwezi wa tatu. Katika mwezi wa 18 lilikuwa mstari mwembamba uliolala sawa na ngozi. Kwa sababu hiyo madaktari aghalabu hawakubali kulikata na kulishona upya kovu la namna hii kabla mwaka haujapita. Hungoja mwili umalize kazi yake, ndipo watazame kama imebaki yao. Subira yavuta heri ni methali ya zamani, lakini mbele ya kovu ni agizo la daktari pia.

Lakini muda haufanyi kazi na njaa. Nyuzi za kolajeni hazitengenezeki sawasawa ikiwa mwili umekosa vitamini C, ambayo imo katika machungwa, mapera, mapapai, maembe na mboga za majani. Ushahidi wa jambo hili ulionekana baharini kabla jina la vitamini halijajulikana. Mwaka 1740 George Anson aliondoka Uingereza na merikebu zake kuizunguka dunia. Mabaharia wake wengi walishikwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja aliyejeruhiwa katika vita vya mto Boyne, huko Ayalandi, mwaka 1690. Jeraha lake lilikuwa limepona tangu miaka 50 nyuma. Kiseyeye kilipompata, lilifunguka upya kama kwamba halikupata kupona. Fikiri juu ya habari hii. Maana yake ni kuwa kovu si kitu kilichokwisha. Kila siku mwili huvunja nyuzi zake kidogo na kuweka nyingine mahali pake, hata baada ya nusu karne. Tunda ulilalo leo linalitengeneza kovu ulilolipata utotoni.

Sasa tuje kwenye mkono. Kazi ya mkono huanza siku ile ile ya ajali. Mtu akiburuzwa barabarani, mchanga na lami huingia ndani ya ngozi. Vitu hivyo visipotolewa mapema ngozi hufunga juu yake, na mtu hubaki na madoa ya rangi ya bluu au nyeusi kama chanjo za wino. Muuguzi aliyenipokea alikisugua kiwiko changu kwa burashi na maji ya chumvi. Alikuwa amenipa dawa ya kutuliza maumivu, hata hivyo nililia. Aliniambia, “Lia mwanangu, lakini usiuvute mkono. Nikiacha mchanga huu leo, utauona kila siku.” Leo kiwiko changu kina kovu pana, lakini hakina doa hata moja la lami.

Pengo la kiwiko lilikuwa kubwa mno kuweza kujifunga lenyewe, kwa hiyo madaktari walichuna ngozi nyembamba kutoka katika paja langu, wakaipandikiza pale. Ngozi iliyopandikizwa hushika, lakini ina tabia mbili. Tabia ya kwanza ni ukavu, kwa sababu haina mafuta yake yenyewe kama ngozi nyingine. Tabia ya pili ni kunywea. Kovu lililo juu ya kiungo hujikusanya kidogo kidogo, na kiungo kikiachwa kimekunjwa hukunjika moja kwa moja. Mtu mwenye kovu la kiwiko hupenda kuukunja mkono kwa sababu hapo haumuumi; na raha hiyo ndiyo adui yake. Nilifungiwa gango usiku ili mkono ulale umenyooka. Mchana mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kuukunja na kuunyosha, mara tano kwa siku, hata nikifumba macho kwa uchungu. Nyumbani mama alishika zamu yake. Kila asubuhi na kila jioni alinikanda kovu kwa mafuta ya nazi kwa muda wa dakika kumi, akizungusha kidole gumba taratibu, akiwa ameniwekea mkono juu ya mto. Alianza kazi hiyo baada ya jeraha kufunga kabisa, wala si kabla. Jeraha lililo wazi halikandwi. Alifanya hivyo miezi minane. Leo naweza kunyosha mkono wangu na kuandika juu kabisa ya ubao, na sijui nimshukuru nani kwanza, daktari aliyepandikiza au mama aliyekanda.

Kovu la shavu lilihitaji kinga ya jua. Kovu changa likipigwa na jua kali hushika weusi usiolingana na ngozi iliyo kando yake, na weusi huo hukawia kuondoka. Basi kwa mwaka mzima sikutoka mchana bila kofia yenye ukingo mpana. Dawa hii haina gharama kubwa, na labda ndiyo sababu watu huidharau.

Kovu la bega lilikuwa kaidi kuliko yote. Jeraha lenyewe lilikuwa dogo, lakini kovu lilizidi kukua, likavuka mpaka wa jeraha na kuingia katika ngozi iliyokuwa nzima. Kovu la namna hii huitwa keloidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari Mfaransa, Jean-Louis Alibert, alilifananisha na kaa, kwa jinsi linavyotoa miguu yake pembeni. Huwapata watu wa kila rangi, lakini huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na hasa katika ujana. Nalo hupenda kifua, bega na ndewe za masikio. Si saratani, wala haliambukizi, wala si dalili ya uchawi. Jambo la kutahadhari ni hili: keloidi ikikatwa tu, bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi, na pengine hurudi kubwa kuliko ilivyokuwa. Mimi nilidungwa sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya majuma machache, na baadaye nilipewa kipande laini cha silikoni cha kulibandika juu yake kwa saa nyingi za siku. Vipande hivyo vimetumiwa katika kutibu makovu tangu miaka ya 1980. Kovu halikuondoka, lilisinyaa, likaacha kuwasha, nami nikaweza kuvaa mkoba begani.

Nimekutajia dawa hizi kwa urefu, msomaji, kwa sababu zipo nyingine zinazotajwa kwa ufupi na kwa sauti kubwa. Mjomba wangu, kwa mapenzi yake, alininunulia sokoni kikopo cha mafuta yasiyo na karatasi wala jina la aliyeyatengeneza. Muuzaji alikuwa amemwahidi kuwa shavu langu litarudi kuwa kama la mtoto mchanga kwa siku saba. Mama alimshukuru ndugu yake kwa heshima, akakichukua kikopo hospitalini, akauliza. Aliambiwa akitupe. Mengi katika mafuta ya namna hiyo hufanya kazi kwa kuibabua ngozi, na baadhi yana zebaki, ambayo hupenya mwilini na kudhuru figo. Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa na mataifa mwaka 2013, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki. Bado vinapatikana katika masoko mengi. Kipimo cha kumjua mwongo katika jambo hili ni chepesi. Daktari wa kweli atakuambia kuwa kovu litapungua. Mwongo atakuambia kuwa litatoweka, tena kabla ya Ijumaa.

Sasa tumefika kwenye jicho. Nilirudi shuleni baada ya miezi minne. Shavu langu lilikuwa bado halijatulia, na siku ya pili nilikuwa nimekwisha kupewa jina: Ramani. Walioliita jina hilo hawakuwa wabaya, walicheka, wakasahau. Mimi sikusahau. Nilianza kuketi kwa namna ya kuugeuzia ukuta upande wa kushoto, nikaacha kunyosha mkono darasani ingawa majibu nilikuwa nayo, na katika likizo iliyofuata nilimwomba baba aniruhusu nisirudi. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyoka kwa miezi ya mazoezi. Sasa mimi mwenyewe nilikuwa ninakunjika. Hapo niliona kuwa lipo kovu ambalo halikandiki kwa mafuta ya nazi.

Historia ina mfano wa jambo hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza daktari Harold Gillies, mzaliwa wa Nyuzilandi, alitibu nyuso za askari zilizoharibiwa na risasi na mabomu. Hospitali yake ilifunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917, na askari zaidi ya 5,000 walitibiwa pale. Vioo vilikatazwa katika vyumba vya wagonjwa. Katika njia iendayo mjini baadhi ya viti vilipakwa rangi ya bluu, ili wapita njia wajue kuwa atakayeketi pale huenda uso wake ukawatisha, nao wageuze macho mapema. Nia ilikuwa njema, lakini fikiri habari ya yule aliyeketi.

Katika Vita Kuu ya Pili kazi hiyo ilishikwa na ndugu ya Gillies, Archibald McIndoe, katika mji mdogo wa East Grinstead. Yeye aliwatibu marubani walioungua. Aliona kuwa wale walioangukia baharini walipona vizuri zaidi, akaanza kuwaogesha wagonjwa wake katika maji ya chumvi. Lakini alifanya na jambo jingine. Aliwaruhusu kuvaa nguo zao badala ya mavazi ya hospitali, akawatuma mjini waende sinema na mikahawani, na akawaomba watu wa mji wawakaribishe bila kuwakodolea macho wala kuyageuza. Watu wa mji wakakubali. Na mji ule umebaki na sifa ya kuwa mji usiokodoa macho. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama, wakakiita Guinea Pig Club, jina la mnyama mdogo ambaye wataalamu humjaribia dawa, kwa kuwa walijua kuwa wao ndio waliojaribiwa mambo mapya. Vita vilipokwisha chama kilikuwa na wanachama 649. Watu walioweza kujicheka kwa pamoja hivyo hawakuwa watu waliofichwa.

Habari hii ina tawi lililofika kwetu. Michael Wood, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Nairobi, alijifunza kutengeneza makovu kwa McIndoe. Mwaka 1957 wawili hao, pamoja na Mmarekani Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege kuwafikia wagonjwa wa Afrika Mashariki walio mbali na hospitali. Huduma hiyo ndiyo iliyokua ikawa shirika la Amref, ambalo makao yake hata leo yapo Nairobi.

Mimi sikuponywa na mji mzima. Niliponywa na mwanafunzi mmoja. Baba alikuwa amenirudisha shuleni kwa upole lakini bila kukubali ombi langu, na katika muhula huo nilipangwa kuketi na kijana mgeni. Alilitazama shavu langu mara moja, waziwazi, akauliza, “Linauma?” Nikajibu, “Kukiwa na upepo wa baridi linakaza.” Akasema, “Basi njoo upande huu, mimi nitakaa dirishani.” Tukabadilishana nafasi. Kisha akaniomba bikari, tukaendelea na hesabu. Hakunisifu kwa ushujaa, wala hakunihurumia, wala hakujifanya haoni. Aliuliza swali moja lenye faida, akatenda jambo moja lililofuata jibu, akanirudisha katika kazi ya siku. Tangu siku ile upande wangu wa kushoto haukuelekea ukutani. Jina la Ramani liliendelea kwa majuma machache, likafa lenyewe kama vifavyo vitu visivyolishwa.

Katika shule yako, msomaji, huenda yupo aliyeungua, au aliyepasuliwa, au aliyerudi kutoka hospitalini akiwa na uso au mkono usioufahamu. Muda utamtibu kwa upande wake, na mkono wa mama au wa mtaalamu utamtibu kwa upande wake. Sehemu iliyobaki ni yako, nayo haikutaki uwe daktari. Mtazame kama unavyowatazama wengine. Kama una swali, muulize yeye, usimuulize jirani yake. Usimpe jina asilojipa mwenyewe. Mwachie kiti, lakini mdai na zamu yake ya kufagia darasa, kwa maana kumsamehe kila kazi ni njia nyingine ya kumpaka kiti chake rangi ya bluu.

Na ikiwa kovu ni lako wewe, kula matunda yako, nyosha kiungo chako, vaa kofia yako, kataa kikopo kisicho na jina, na hesabu miezi 18 kabla hujatoa hukumu. Kisha keti mahali palipo na mwanga. Wazee wetu walisema kuwa hujafa hujaumbika. Methali hiyo huwaonya wanaocheka, kwa kuwa hawajui kesho itawaumba namna gani. Lakini humfaa na aliyeumia, kwa kuwa yeye naye bado anaumbwa, na kazi haijaisha.